Namba Nne na Namba Saba

Jumatatu, 3 Novemba

Tumehama tena. Mara ya tatu mwaka huu! Safari hii ni nyuma ya duka la magodoro. Mbele kuna magodoro sita na kibao. Nyuma kuna chumba kirefu chenye mashine nane za kukunjia uzi, na mimi ndiye mkubwa wa humo. Karakana Namba Nne. Mkubwa! Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, aliyefuma mapazia maisha yake yote.

Luka, bosi wetu, alitukusanya akatuhutubia. Kijana yule hajatimiza hata miaka thelathini na mbili na macho yameshamwingia ndani. Anasema miaka mitatu iliyopita tulikuwa watu tisa kwenye ile bekari ya zamani, tukitoa droni kumi kwa wiki. Sasa tumepita mia nne, na jeshi linataka mara tatu ya hizi tunazotoa. Viwanda vingine vikikua vinaongeza ghorofa. Sisi tukikua tunakatwa vipande — kila kipande mahali pake, ili kombora moja lisitumalize wote. Nani yuko wapi, marufuku kujua. Kupigiana simu, marufuku. Kutembeleana hata Jumapili, marufuku, maana simu mbili zinazokutana kila wiki adui anazisoma kama ramani.

Tulitia saini wote. Na daftari hili nalo ni marufuku, bila shaka. Nitalichoma likijaa.

Paraska walimhamisha mwezi uliopita. Yuko Namba Saba. Saba iko wapi, sijui. Labda mji mwingine, labda milimani kabisa. Miaka mitatu tumekula meza moja, supu yangu ya bitiruti na kabichi yake iliyochacha, tukigombana kila siku nani kazidisha chumvi. Aliondoka siku ya Jumanne bila kuniaga, kwa sababu hata kuaga ni marufuku.

Alhamisi, 6 Novemba

Wasichana ishirini na wawili, wapya wote. Wepesi, wachangamfu, kucha ndefu. Nimewakata kucha mmoja baada ya mwingine! Uzi wenyewe ni wa kioo, mwembamba kama unywele, kilomita kumi na tano kwenye bobini moja. Droni inaruka inauachia nyuma yake njia nzima, na picha zinamrudia mwongozaji kupitia uzi huo. Ukucha ukiukwaruza tu, basi. Huko mstari wa mbele droni inapofuka katikati ya safari, na mtu anayeiongoza anabaki kutazama kioo cheusi.

Ulyana, mropokaji wao, ndiye aliyeanza kuniita Shangazi. Sasa wote wananiita hivyo. Wananiheshimu kweli. Nikiingia wanaacha kucheka.

Mzee mmoja kaingia dukani, anataka godoro la mtu mwenye mgongo mbovu. Nikamwambia yote sita yameshalipiwa. Eti atarudi Alhamisi ijayo! Nitamwambia nini Alhamisi ijayo?

Jumapili, 9 Novemba

Binti yangu Orysia kapiga simu kutoka ughaibuni, Bologna. Mama, njoo ukae na sisi, huko unafanya nini peke yako? Nauza magodoro, nikamwambia. Magodoro! Vita vyote hivi, nani ananunua magodoro? Watu wanalala, mwanangu. Akacheka. Akasema mtoto anamwita, akakata.

Hayo ndiyo maneno yote niliyosema leo na binadamu. Nimepika sufuria nzima ya supu kwa mazoea, nitaila mpaka Alhamisi. Mume wangu Myron kafa miaka kumi na moja sasa na bado sijui kupika chakula cha mtu mmoja.

Jumanne, 11 Novemba

Jamani! Moyo bado unanidunda.

Saa tatu kamili asubuhi, dakika ya kimya, kama kila siku. Mashine zikazimwa, wasichana wakasimama vichwa chini, tunawakumbuka waliouawa. Kimya kabisa. Halafu, kutoka ukutani — chafya! Moja. Nikadhani ni mteja dukani. Mbili, tatu. Hapana, ni ukutani, upande wa pili. Nne, tano. Sita. Nikasema moyoni, ikija ya saba nakaa chini. Ikaja ya saba.

Dunia nzima ni mtu mmoja tu anayepiga chafya saba, si sita si nane, akivuta moshi wa utomvu wa kulehemu nyaya za droni. Na baada ya hapo ile sauti nyembamba: Nijibariki mwenyewe, maana humu hakuna wa kunibariki.

Nikacheka. Kwa sauti! Katikati ya dakika ya kimya! Ulyana alinikodolea macho. Marehemu wanisamehe. Sikuweza kujizuia.

Jumatano, 12 Novemba

Ukuta ule una bomba la maji ya moto, lile la kupasha vyumba joto. Linatoka kwetu linaingia kwao. Waliolipitisha zamani walikuwa wazembe, wakaacha upenyo wa kidole kando yake. Mchana wasichana walipokwenda kula nilichukua spana nikaligonga mara tatu, kama tunavyowagongea jirani wa ghorofani wakizidisha kelele.

Nikagonga tena.

Mtu akafoka kule: "Ala! Nani anapiga kelele huku? Tumekaa tumetulia!"

Nikaweka mdomo kwenye upenyo. "Paraska, kabichi yako inanuka mpaka huku."

Halafu taratibu: "Zenia? Umekufa?"

"Sijafa. Niko kwenye magodoro."

"Magodoro gani, wewe kizee, umelewa?"

Tukalia kidogo. Kisha tukaanza kusengenya. Nusu saa nzima! Sijui nilikula nini leo, au kama nilikula.

Ijumaa, 14 Novemba

Sasa nimeelewa yote. Wao wa Namba Saba wanaletwa kutoka bwenini kwa gari lisilo na madirisha. Linazunguka nusu saa, anasema Paraska, kushoto, kulia, darajani, kushoto tena. Alishaamini yuko mji mwingine. Kumbe mlango wao uko mtaa wa nyuma, hatua mia mbili kutoka wetu, na kibao kinasema ni ghala la rangi. Wako sitini.

Jengo zima lilikuwa kiwanda cha samani. Likagawanywa kwa ukuta wa tofali moja, likawa na wenyewe wawili na anwani mbili. Watafutaji wetu wa vyumba nao walikuwa wawili, na kila mmoja alikatazwa kumwambia mwenzake neno. Basi kila mmoja akatafuta mahali pazuri, tulivu, pasipotiliwa shaka. Na wote wawili wakapapata palepale! Tumejificha mpaka tumefichana wenyewe kwa wenyewe.

Paraska alicheka mpaka akapiga zile saba. Mimi nilicheka pia. Halafu nikarudi kwenye mashine yangu na kicheko kikaniisha. Tulikatwa vipande ili kombora moja lisitumalize wote.

Sitaki kuliwaza leo.

Jumanne, 25 Novemba

Siku njema hizi. Kila mchana saa saba, kwenye upenyo. Paraska kanipitishia peremende, kaisukuma kwa waya. Nami nampitishia mbegu za alizeti, moja moja. "Unanilisha kama kuku!" anasema, lakini anazitafuna.

Kule bwenini analala na wasichana sita. Wanatazama simu mpaka usingizi uwachukue, hakuna hata mmoja wa kumuuliza umeamkaje. Mimi namuuliza. Yeye ananiuliza. Basi ni hayo tu, na yametosha! Naamka kabla ya saa kulia. Leo asubuhi nimejikuta napaka rangi ya midomo. Kwa ajili ya nani? Ya bomba!

Luka alipita jioni, mkate mkononi, anakula huku anatembea. Namba Kumi imefunguliwa, Kumi na Moja inatafutiwa mahali. Ameajiri mtu kazi yake ni kutafuta kuta tu. Akasifu bobini zetu, hakuna hata moja iliyorudishwa wiki hii. Mlangoni akageuka: Shangazi, una la kuniambia?

Nikasema gundi ya safari hii ni nyepesi mno. Akaandika, gundi.

Jumatatu, 1 Desemba

King'ora saa nne asubuhi. Tukashuka chumba cha chini wote ishirini na watatu, umeme ukakatika humo humo. Na ukutani, hata chini kule, tunasikia miguu. Miguu mingi. Watu wanashuka, benchi linaburutwa, mtu anakohoa. Chumba chao cha chini kiko ubavuni mwa chetu.

Ulyana akaninong'oneza: "Shangazi, nani hao?"

"Panya."

"Panya wanaokohoa?"

Wasichana wakacheka gizani. Mimi nilikuwa nahesabu. Sitini jumlisha ishirini na watatu. Nilihesabu mpaka king'ora cha pili kilipotuambia tupande.

Jumamosi, 6 Desemba

Siku ya Mtakatifu Nikolai. Watoto wa jirani wanakimbia ngazini na peremende zao.

Jana kombora limepiga karakana ya kampuni nyingine, mji mwingine. Ilikuwa saa ya kupokezana zamu, zamu mbili chini ya paa moja. Watu kumi na tisa. Sokoni mama wa maziwa alikuwa analia huku anapima. Wote mahali pamoja, anasema, nani kawapanga hivyo? Huyo aliyejua akanyamaza analalaje? Kisha akanitazama, ananisubiri nitoe chupa yangu.

Sikununua maziwa. Nimerudi nyumbani nimekaa na koti mwilini.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimemwambia Paraska. Nimemwambia lazima tuseme.

"Tuseme nini?"

"Kwamba tumekaa mgongo kwa mgongo. Watu themanini na watatu, Paraska. Wewe umesikia ya Ijumaa."

"Nimesikia. Wakijua watahamisha upande mmoja. Na safari hii hutanipata. Hapa tumekutana kwa ujinga wa watu wawili. Utawapata wapi wajinga wengine?"

"Na likija?"

"Likija limekuja. Mimi naogopa lile bweni zaidi." Hakuwa anatania. Namjua anapotania. "Zenia, mpaka Krismasi ipite tu. Siku kumi na kitu. Niachie hizo. Halafu useme, hata mimi nitasema. Niapie."

Nikaapa. Kwa jina la Myron nikaapa, paji la uso limegusa bomba. Limeniunguza, nina alama hapa. Ulyana kaniuliza ni nini. Nimesema pasi.

Alhamisi, 11 Desemba

Ulyana kabandika picha ya mtoto wake kwenye mashine yangu. Miaka sita, meno mawili ya mbele hayapo. Eti mashine ya Shangazi haina picha hata moja, inasikitisha. Nimuazime wa kwake.

Anaitwa Danylo. Ananitazama kutwa nzima.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimesema.

Tymish ndiye mtu wa usalama, alikuwa polisi zamani. Hupita kila Jumatatu kukagua kama simu zimeachwa mlangoni. Nilimwita kando, karibu na bomba, wasichana wakiwa kwenye chai.

"Bwana Tymish, upande wa pili wa ukuta huu kuna nini?"

"Ghala la rangi."

"Ni Namba Saba."

Kwanza akacheka. Kisha akaona sicheki, akavua kofia. Akaweka kiganja ukutani kama anampima mtu homa. Huko ng'ambo mtu alikuwa anaburuta kiti.

"Umejua lini?"

"Tarehe kumi na moja."

"Ya mwezi huu?"

"Ya Novemba."

"Mwezi mzima! Shangazi, mwezi mzima! Na wewe ni mtu mzima!"

Ningesema nini? Kwamba nilikuwa mpweke? Nani hapa si mpweke? Akauliza nimejuaje, nikamwambia nilisikia sauti. Ya nani, hakuuliza, na mimi sikumtaja. Angalau hilo.

Nikamwomba atuhamishe sisi. Sisi wachache, sisi twende. Akatazama mashine: zimefungwa sakafuni kwa nati, kuzing'oa na kuzisawazisha ni wiki mbili, na bobini wanazingoja kule vitani. Meza za kulehemu za wale, mtu anabeba mgongoni. Nitaangalia, akasema. Upande mmoja utaondoka Jumatatu ijayo. Mpaka siku hiyo nisiukaribie ukuta, na neno lisinitoke. Hasa kwenda upande ule.

Nimetoka pale mwepesi. Nusu saa hivi. Halafu saa saba ikafika.

Jumatano, 17 Desemba

Jana na leo Paraska kagonga, na nimekwenda. Ningeachaje kwenda?

Anapanga Krismasi! Amepata ngano, amepata asali na mbegu za mpopi, msimamizi wa bweni atamruhusu jiko. Mkesha wa Krismasi atanipitishia ile ngano ya kuchemsha, chakula chetu cha usiku ule, kwa mrija. "Wewe punje kumi, mimi punje kumi, na Myron tumwachie moja ya kwake mezani, asije akasema tumemsahau." Nikacheka. Nikamwambia Myron hakuwa mtu wa punje moja, angekula zake na zetu. Sauti yangu ilitoka sawasawa kabisa. Sikujua kama najua kudanganya namna ile.

Akasema nimetimiza ahadi kama mtu. Wengine wangeropoka.

Ijumaa, 19 Desemba

Mbona husemi leo? kaniuliza. Nikasema jino. Akaniambia nisukutue na chumvi na majani ya dawa. Dakika nzima ananieleza kiasi cha chumvi. Nikasema sawa, Paraska. Sawa. Nitafanya.

Mzee wa godoro karudi tena. Nimemuuzia. Nimeshindwa kumkatalia tena mtu yeyote wiki hii.

Jumapili, 21 Desemba

Sikwenda kanisani. Nimefua. Orysia kapiga simu, sikupokea.

Kesho nitaona lori liko mlango upi. Naomba liwe kwetu. Mungu wangu, naomba liwe kwetu.

Jumatatu, 22 Desemba

Mlangoni kwetu hakuna lori.

Naandika hapa hapa kazini. Daftari liko juu ya fomu za bobini, Tymish anadhani najaza fomu. Kasimama karibu na bomba tangu asubuhi, mikono nyuma, amekuja kuhakikisha. Kule ng'ambo meza zinaburutwa, wanaume wanapeana amri, kitu cha chuma kimeanguka. Wasichana wanakunja uzi na hawaongei. Ulyana pekee: "Shangazi, panya wanahama?"

Paraska kagonga. Mara tatu.

Tymish kanitikisia kichwa. Hapana. Kasema chini chini, ukimjibu ataanza kueleza anapelekwa wapi, na masikio humu ni mengi.

Kagonga tena. Sasa anaongea, amebandika mdomo kwenye upenyo, kila mtu humu anamsikia.

"Zenia, wanatuhamisha. Hawasemi wapi. Upo?"

Tymish kaweka kidole mdomoni.

"Kuna mtu kasema. Ni mmoja wa hao wasichana wako, si ndiyo? Walisikia, wakasema. Usiwagombeze sana, ni watoto." Pua inamziba, analia. "Najua si wewe. Wewe uliniapia."

Wasichana wananitazama. Ulyana kasimamisha mashine yake.

"Zenia, gari limeshawashwa. Gonga hata mara moja, nijue umenisikia."

Spana iko hapa mezani, kando ya daftari. Nimeishika. Tymish anaitazama, na ananitazama mimi, na hasogei.